Kofia Si Urembo: Jua Linavyoharibu DNA ya Ngozi

Pole na masomo, pole na foleni ya chakula, na pole na lile jua la saa sita mnalosimamishiwa paredi. Leo tuliongelee hilo jua lenyewe.

Kesho mchana fanya jaribio moja dogo lisilohitaji maabara. Toka darasani, simama uwanjani, tazama kivuli chako. Kama kivuli ni kirefu kuliko wewe, jua liko chini na mionzi yake imepita njia ndefu hewani kabla ya kukufikia. Kama ni kifupi kuliko wewe, jua liko juu na mionzi inakushukia moja kwa moja, ikiwa na nguvu nyingi. Huku kwetu karibu na ikweta, saa sita mchana kivuli karibu unakikanyaga. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa mionzi hii. Kikifika 3 unashauriwa uanze kujikinga, na kikifika 11 au zaidi ngazi hiyo inaitwa ya hatari kupita kiasi. Mchana wa kawaida Tanzania, anga likiwa safi, mara nyingi hufika huko au kuvuka.

Sasa angalia tena pale uwanjani. Pengine yupo mwenzako mwenye ualbino, kasimama kwenye mstari, kichwa wazi, mikono wazi. Ukimwuliza kofia iko wapi, atakwambia sheria ya sare hairuhusu. Baadhi ya shule bado zinaona kofia ni urembo, au ni kujifanya. Je, katika dakika ishirini za matangazo ya mwalimu wa zamu, nini hasa kinatokea kwenye ngozi ya huyu mwenzako? Ili tujibu vizuri inabidi tuingie ndani ya seli.

Mionzi usiyoiona wala kuihisi

Nuru ya jua ina rangi unazozijua kwenye upinde wa mvua. Baada ya rangi ya urujuani kuna mionzi ambayo macho yako hayaioni kabisa. Hiyo ndiyo mionzi ya urujuanimno, na wengi huiita UV. Usiichanganye na joto. Joto unalolihisi ngozini huletwa zaidi na mionzi mingine. Ndiyo maana watu wa Njombe, Makete au Lushoto hudanganyika: hewa ni baridi, mtu kavaa sweta, anaona jua la kwao ni la kirafiki. Kumbe kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, UV huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mawingu mepesi nayo huzuia kidogo tu.

Kwa nini UV iwe na madhara na taa ya darasani isiwe nayo? Nuru husafiri kwa vifurushi vidogo vidogo vya nishati. Chukua mfano wa dirisha la kioo. Mtu akilirushia changarawe elfu moja, moja moja, huenda lisivunjike. Akirusha jiwe moja kubwa, kwisha. Nuru nyekundu ni changarawe. UV ni jiwe. Kifurushi kimoja tu cha UV kina nishati ya kutosha kuvunja au kuunganisha kemikali zilizomo mwilini.

Kuna UV za aina tatu. UVC ndiyo kali kuliko zote, lakini tabaka la ozoni huizuia yote kule juu, tushukuru. UVB hupunguzwa sana, ila kiasi kinafika. UVA hupita kwa wingi, takriban asilimia 95 ya UV yote inayofika chini, na huzama ndani zaidi ya ngozi. Mhusika mkuu wa habari yetu ni UVB, kwa sababu nishati yake inafyonzwa na DNA yenyewe.

Zipu yenye meno bilioni tatu

DNA, au vinasaba, umeshaisoma kwenye biolojia, au utaisoma. Imo kwenye kiini cha kila seli ya ngozi yako, na ukiinyoosha ile ya seli moja tu utapata uzi wa karibu mita 2, mwembamba ajabu. Vitabu huifananisha na ngazi iliyosokotwa. Mimi napenda kuifananisha na zipu, utaona kwa nini.

Zipu ina pande mbili, na kila upande una meno. Meno ya DNA huitwa besi, nayo ni ya aina nne: adenini, thaimini, sitosini na guanini. Adenini hushikana na thaimini ya upande wa pili, sitosini na guanini. Jozi hizo ni takriban bilioni 3, na kila seli ina nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mpangilio wa meno hayo ndio maandishi: humo mna maelekezo ya kutengeneza protini za mwili. Seli ikitaka kugawanyika, zipu hufunguliwa, na kila upande hutumika kama kielelezo cha kutengenezea upande mpya.

Sasa UVB inaingia. Kifurushi kimoja cha nishati kinafyonzwa mahali ambapo thaimini mbili zimekaa jirani, zikiwa kwenye upande uleule wa zipu. Kwa kawaida majirani hawa hawashikani; kila mmoja anamshika mwenzake wa upande wa pili. Lakini zikishapigwa na UV, thaimini hizo mbili zinageukiana na kuunganika zenyewe kwa zenyewe, kama mtu aliyechukua gundi akagandisha meno mawili jirani ya zipu. Tuite pacha la thaimini. Sitosini nayo inaweza kuganda hivyohivyo na jirani yake.

Jambo hili lilibainishwa mwaka 1960 na watafiti wa Uholanzi, R. Beukers na W. Berends, waliomulika thaimini iliyogandishwa kwenye barafu wakapata mapacha hayo. Mwaka 2007 watafiti wengine wakapima muda unaohitajika pacha moja kutokea. Unajua walipata nini? Kama sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kope haijaanza hata kufikiria kufumba. Kwa upande wa idadi, wanasayansi wanakadiria kwamba jua kali linaweza kusababisha hadi madhara 100,000 ya namna hii kwa saa moja katika DNA ya seli moja iliyo wazi. Seli moja!

Ukishaelewa hapo utaona kosa la wale wanaosema, "Nikianza kuungua nitaingia kivulini." Wekundu na maumivu ya ngozi iliyoungua huanza baada ya saa kadhaa. Mapacha yalishatokea zamani, pale pale uliposimama.

Mafundi wa ndani

Usiogope, hadithi haijaishia hapo. Kama isingekuwa na matengenezo, hakuna mmea wala mnyama ambaye angeishi juani. Pacha la thaimini huipinda DNA kidogo, na seli ina protini zinazozunguka zikikagua, zikitafuta pale palipopinda. Zikipata, vimeng'enya vinakuja na kufanya kazi kama ya fundi cherehani. Vinakata kipande cha upande ulioharibika, chenye besi kama 30 hivi, vinakitoa, halafu vinasoma upande wa pili ambao ni mzima na kushona kipande kipya kinacholingana nao. Mturuki Aziz Sancar, daktari aliyegeukia utafiti, alichambua hatua hizi moja moja, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, ambao walichunguza njia nyingine za kutengeneza DNA.

Umuhimu wa mafundi hawa unaonekana kwa watu waliozaliwa bila wao. Kuna ugonjwa adimu wa kurithi uitwao zerodema pigmentosumu (jina refu, samahani). Mwaka 1968, James Cleaver wa Marekani alionyesha kwamba seli za wagonjwa hawa zinashindwa kutengeneza DNA iliyoharibiwa na UV. Watoto wenye ugonjwa huo wanaweza kupata saratani ya ngozi wakiwa bado wadogo sana.

Kwako wewe na mimi mafundi wapo. Shida ni kwamba kazi ikizidi, haiishi kwa wakati. Seli inapofika kugawanyika huku mapacha mengine bado yamo, kile kimeng'enya kinachonakili DNA kinakwama, kama kichwa cha zipu kinavyokwama kwenye meno yaliyogandana. Seli huita vimeng'enya vya dharura vya kupita juu ya hitilafu ilimradi safari iendelee. Thaimini mbili mara nyingi hupitwa salama. Lakini pacha likiwa na sitosini ndani yake, nakala mpya mara nyingi hutoka na thaimini mahali palipokuwa na sitosini. Herufi imebadilika. Na kuanzia hapo mafundi hawawezi kusaidia tena, kwa sababu pande zote mbili sasa zinakubaliana: hakuna kilichopinda, hakuna cha kukagua. Kosa limekuwa sehemu ya maandishi, na kila seli itakayozaliwa itanakili kosa hilo.

Herufi moja ikibadilika kati ya bilioni tatu, mara nyingi hakuna kitu. Mambo huharibika pale kosa linapoangukia kwenye jeni nyeti. Moja ya hizo inaitwa p53, na kazi yake ni ulinzi. Seli ikiwa na DNA iliyoharibika, p53 huisimamisha isigawanyike, na hali ikiwa mbaya huiamuru ife. Ngozi inayobabuka siku chache baada ya kuungua na jua ni seli zilizokufa, nyingi zikiwa zimejiua kwa amri hiyo ili zisikuletee matatizo. Sasa seli ambayo p53 yake imeharibika haisikii amri. Jua likipiga tena, majirani wanakufa, yenyewe inabaki na kupata nafasi ya kuzaliana. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichunguza saratani za seli bapa za ngozi wakakuta p53 imeharibika katika nyingi, na makosa yenyewe yalikuwa ya aina ileile ya sitosini kugeuka thaimini. Ni kama jua limeacha alama ya vidole kwenye eneo la tukio.

Ungo juu ya kichwa cha seli

Basi kama jua linafanya hivi kwa kila mtu, mbona wakulima wetu wanashinda shambani miaka hamsini na hawapati saratani ya ngozi? Hapa ndipo inapoingia melanini, ile rangi ya kahawia na nyeusi ya ngozi.

Watu weusi na weupe wana idadi karibu sawa ya seli zinazotengeneza melanini. Tofauti iko kwenye kiasi, aina na ukubwa wa vifuko vya rangi hiyo. Seli hizo huvigawa vifuko kwa seli jirani, na ukiangalia kwa darubini utaona jambo la kupendeza: vifuko havikai ovyo ovyo. Vinajipanga juu ya kiini, upande wa jua, kama mama aliyejifunika ungo kichwani akitoka sokoni. DNA inakaa chini ya kivuli. Vipimo vimeonyesha kwamba ngozi nyeusi sana inakinga kama mafuta ya jua yenye namba 13 hivi, wakati ngozi nyeupe inafikia kama 3.

Mtu mwenye ualbino amezaliwa na mabadiliko kwenye jeni zinazohusika na melanini. Anayarithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe wanaweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa bila kujua kuwa wanayabeba. Si mkosi na haiambukizi. Seli za rangi anazo, mafundi wa DNA anao na wanachapa kazi kama wako. Alichokosa ni ungo. Kila kifurushi cha UVB ambacho wewe ungekizuia njiani, kwake kinaweza kufika kwenye kiini.

Kwa Tanzania hili si jambo la mbali. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 unatajwa mpaka leo kwa kadirio lake la mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400. Ulaya na Marekani ya Kaskazini kadirio ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Yaani walio wengi wako huku, na jua kali liko huku. Magazeti yaliandika sana, na ilikuwa haki yao kuandika, kuhusu mauaji ya kikatili ya watu wenye ualbino yaliyoanza kusikika katikati ya miaka ya 2000. Jua linaua kimya kimya, halitokei ukurasa wa mbele. Madaktari wa ngozi hukutana na saratani hii kwa vijana wa miaka 20 na 30 na kitu, umri ambao mtu asiye na ualbino ni nadra sana kuipata. Kijana huyo hakuharibu ngozi yake mwaka jana. Makosa yale kwenye DNA yalianza kujikusanya alipokuwa mgongoni kwa mama yake, yakaendelea shule ya msingi, yakaendelea sekondari. Miaka mnayosoma naye ni miaka ya hesabu.

Neno moja kwa wale wa mkorogo, maana najua mpo, wa kike na wa kiume. Krimu nyingi za kujichubua hufanya kazi kwa kuzuia ngozi isitengeneze melanini. Zile zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na bado zinauzwa kwa kificho. Unalipa hela yako kuondoa ungo ambao mwenzako angetoa chochote kuupata. Na zebaki yenyewe inaharibu figo, hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sasa shuleni tufanyeje?

Hatusemi jua ni adui. Ngozi inahitaji UVB kidogo kutengeneza vitamini D, na mpira tutacheza. Ila tumeona kwamba kinachohesabika ni vifurushi vingapi vimefika kwenye DNA. Kwa hiyo kinga nzuri ni ile inayovizuia visifike, na iliyo rahisi kuliko zote ni nguo.

Kofia iwe pama, yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, sentimita 7 au 8 angalau. Kapelo inafunika paji la uso na kuacha masikio na shingo, na hapo ndipo vidonda vingi huanzia. Shati liwe la mikono mirefu, kitambaa kilichoshonana vizuri. Ukikiinua kwenye mwanga ukaona nje kirahisi, UV nayo inapita. Sketi ndefu au suruali badala ya kaptura. Ukiwa kiranja, au mjumbe wa baraza la wanafunzi, peleka hoja hii kwa mwalimu mkuu: kofia na mikono mirefu viandikwe kwenye sheria ya sare kwa wanaohitaji. Haigharimu shule hata shilingi. Zungumza pia na mwalimu wa zamu kuhusu ratiba. Jua kali ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mwenzenu apewe kufagia darasa au kupanga vitabu maktaba, nyinyi mfyeke nyasi. Au nyasi zifyekwe wote saa kumi na mbili asubuhi, jambo ambalo hata wewe utalifurahia. Paredi ifanyike chini ya mwembe kama upo.

Mafuta ya kujikinga na jua yanakuja baada ya nguo, kwa sehemu ambazo nguo haifuniki: uso, masikio, shingo, migongo ya mikono. Yawe na namba 30 au zaidi, yawe yanakinga UVA na UVB zote mbili. Yapakwe kwa wingi dakika 15 mpaka 30 kabla ya kutoka, na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Mafuta ya mgando ya kawaida yanalainisha ngozi tu, hayazuii UV. Tunajua bei ya mafuta ya jua madukani, mwanafunzi gani ataimudu? Ndiyo sababu hospitali ya KCMC ya Moshi, ambayo tangu mwaka 1992 ina kituo cha kufundishia wataalamu wa magonjwa ya ngozi, iliingia kwenye kazi ya kutengeneza mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na yamekuwa yakigawiwa bure kupitia kliniki. Uliza hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino cha mkoa wako kliniki ya ngozi inafika lini.

Mwisho, kagueni ngozi. Mwenzako hawezi kuona nyuma ya masikio yake wala kisogoni, wewe unaweza. Angalia baka gumu lenye magamba, linalokwaruza kama msasa. Angalia kidonda cha mdomoni, sikioni au shingoni ambacho kimepita mwezi hakijapona, kinatoa damu, kinakauka, kinarudi. Asisubiri likizo, na asipake dawa ya kuokoteza. Aende kituo cha afya apewe rufaa ya daktari wa ngozi. Baka la mwanzo huweza kugandishwa kwa naitrojeni ya baridi kali likaanguka lenyewe, na uvimbe mdogo hukatwa kwa ganzi ya pale pale, mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo.